Kinyago cha mawingu hakina sura wala hadithi: utulivu wake unatoka wapi?

#1 Kiona_Mbali (mleta uzi)
Habari za jioni, wakuu.

Nimekaa na swali hili karibu mwaka mzima, na leo nimeamua kulileta kwenu. Marehemu baba aliniachia kinyago cha mpingo cha mtindo wa mawingu, chenye urefu wa kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Hakina uso, hakina mtu wala mnyama. Ni mikunjo inayopanda kutoka chini, inajipinda, inaachana katikati na kuacha tundu refu, kisha inakutana tena juu kabla ya kuishia kwenye ncha iliyolala upande. Ubavuni fundi aliacha ukanda mwembamba wa ule mti mweupe wa nje, kwa hiyo weusi wake una ukingo wa rangi ya maziwa yaliyoungua.

Kila nirudipo kutoka kazini hukaa mbele yake dakika kumi au kumi na tano, na moyo hutulia. Ukutani hapo hapo ninayo picha kubwa ya Mlima Kilimanjaro, yenye theluji juu na tembo mbele, iliyochorwa kwa ustadi. Ninaipenda, lakini nikishautambua mlima nimemaliza. Kinyago sikimalizi. Ninaomba maelezo yenu: kwa nini umbo lililotokana na maumbile, lakini lisiloonyesha kitu chochote kinachotajika kwa jina, litulize fikra kuliko picha ya maumbile yenyewe?

#2 Mzee wa Vingunguti
Pole kwa kumpoteza mzee. Kwa maoni yangu unakipa kinyago sifa isiyo yake. Kinachokutuliza ni kule kukaa kimya robo saa bila simu mkononi. Kaa mbele ya mtungi wa maji kwa muda huo huo, utatulia vile vile. Jaribu, kisha urudi utuambie.

#3 Bint Langoni
Sikubaliani na #2, na hoja yangu ni nyumba niliyokulia. Hapa Lamu nyumba za mawe za zamani zina zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyopangwa ukutani safu juu ya safu, na kingo zake zimechongwa majani na maua yaliyorefushwa, yakapindwa na kurudiwa hata huwezi kusema ni jani la mti gani. Bibi yangu alilala chumba cha ndani, ambako mwanga wa kiwandani, yaani ua wa katikati ya nyumba, unafika ukiwa umefifia sana. Alipougua kwa muda mrefu aliomba kitanda chake kigeuzwe kielekee zidaka. Mtungi wa maji nao ulikuwemo humo humo, Mzee wa Vingunguti, na hakuna siku aliyoomba kugeuziwa mtungi.

Mafundi wetu walijizuia kuchonga viumbe kwa sababu ya adabu ya dini, wakalichukua jani na kulivua jina lake. Jicho linatembea juu ya mchongo bila kufika mwisho, na ulimi hauna cha kusema. Mimi naona tafakuri huanzia hapo. Anachokieleza mleta uzi kuhusu mikunjo ya mpingo ndicho nilichokiona kwenye chokaa.

#4 Nesi wa Zamu
Mada nzuri, ahsante. Mimi ni muuguzi, na jambo hili limeshafanyiwa utafiti. Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science mwaka 1984 matokeo ya wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo. Waliotundikiwa picha za miti walitoka hospitali mapema kuliko wenzao. Kwa hiyo ni maumbile yanayotuliza, na sanaa ni njia tu ya kuyaingiza ndani ya jengo.

#5 Mwanahisabati
Dada Nesi, naomba nisahihishe kidogo. Utafiti wa 1984 haukuhusu picha. Ulihusu dirisha. Ulrich alichukua kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania za kati ya mwaka 1972 na 1981, akawalinganisha wagonjwa 46: nusu yao walikuwa wanaona miti dirishani na nusu wanaona ukuta wa matofali. Walioona miti walikaa wastani wa siku 7.96 baada ya upasuaji, wengine siku 8.70, na walioona miti walitumia dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi.

Utafiti wa picha ulikuja baadaye, mwaka 1993, kwa wagonjwa wa upasuaji wa moyo huko Uppsala, Sweden. Huo ndio unaomwendea kinyume mleta uzi, kwa sababu picha ya maji na miti ilipunguza wasiwasi, lakini picha dhahania, yaani isiyoonyesha kitu chochote, yenye mistari iliyonyooka iliwaongezea wagonjwa wasiwasi kuliko hata kukosa picha kabisa.

Maelezo yangu mimi ni ya umbo. Mawingu, matawi ya mti, mwambao wa bahari na mishipa ya jani vina tabia moja: ukikuza kipande kidogo unaona kinafanana na kizima. Mwaka 1975 Benoit Mandelbrot aliyaita maumbo ya namna hii fraktali. Mwanafizikia Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha Oregon amefanya kazi kwa miaka mingi kuonyesha kwamba macho hupumzika mbele ya fraktali za ugumu wa wastani, pengine kwa sababu jicho lenyewe hutafuta vitu kwa mwendo unaofanana nazo. Mwaka 1999 yeye na wenzake walidai kwamba hata michirizi ya rangi ya mchoraji wa Marekani Jackson Pollock ina tabia hiyo. Kama kinyago chako kina mkunjo mkubwa, na ndani yake mikunjo midogo inayoufuata, jibu lako ni hilo.

#6 Mzee wa Vingunguti
Bint Langoni amenipata kwa bibi, nakiri. Mwanahisabati naye asije akatupimia mawingu kwa rula hadi mvua inyeshe hatuna habari.

#7 Mama Keza
Nawasalimu kutoka Kigali. Utafiti wa Uppsala aliouleta #5 unanipa shida. Kwetu kuna imigongo, sanaa ya wanawake wa mashariki ya Rwanda, hasa Nyakarambi katika wilaya ya Kirehe. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa kwa vidole juu ya ubao kuwa matuta membamba, kisha hupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Karibu yote ni mistari iliyonyooka na pembe kali, hakuna pinde za mawingu. Ninacho kimoja juu ya meza ya chakula na ninakitazama kila asubuhi nikisubiri maji ya chai yachemke. Kinanituliza. Kama mistari iliyonyooka inaleta wasiwasi, basi mimi na wanawake wengi wa kwetu tumeumbwa tofauti, au tuseme mgonjwa aliyetoka kupasuliwa kifua katika nchi ya mbali si kipimo cha watu wote.

Nadhani mnasahau mkono. Ukikitazama kwa karibu unaona mahali ambapo kidole kiliteleza na tuta likanenepa kidogo. Samadi, majivu na udongo ni maumbile hata kama mchoro wenyewe si jani wala wingu. Labda tunatulizwa na malighafi, na umbo lina sehemu ndogo tu.

#8 Newala Juu
Ninyi nyote mnazunguka. Mawingu ni kazi ya Wamakonde, na Wamakonde ni watu wa uwanda wa juu, Newala upande wetu na Mueda upande wa Msumbiji, mto Ruvuma ukiwa katikati. Asubuhi za baridi simama pale Newala kwenye genge tunaloliita Shimo la Mungu, utaona ukungu umelala bondeni chini ya miguu yako. Samaki Likankoa alipoanzisha mtindo wa mawingu alikuwa anachonga alichokiona kwao. Mleta uzi, baba yako alitoka wapi? Kama alitoka kusini, unatulia kwa sababu unatazama nyumbani.

#9 Kiona_Mbali
Ahsanteni sana, sikutegemea majibu ya uzito huu. Newala Juu, baba alikuwa mtu wa Tanga, alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na kinyago alipewa na jirani yake wa kambini, Mmakonde aliyevuka kutoka Msumbiji. Mimi mwenyewe sijawahi kufika Newala. Maelezo yako ni mazuri, lakini kwangu hayashiki.

#10 Fundi wa Mwenge
Salaam. Nimesoma kimya tangu mwanzo, lakini #8 amenilazimisha kuandika. Samaki Likankoa anatajwa kwa mtindo wa shetani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Inasimuliwa kwamba kinyago chake cha mtu kilivunjika mkono, naye badala ya kukitupa akakigeuza kuwa kiumbe kisicho cha kawaida. Ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, huhusishwa na Roberto Yakobo Sangwani. Mawingu huhusishwa na Clements Ngala. Vijana tunapofundishwa kazi huambiwa majina haya matatu kwanza, kwa hiyo tusiyachanganye.

Sasa nieleze tundu lililo kwenye kinyago cha mleta uzi, kwa sababu nadhani hakuna aliyeliwazia. Gogo la mpingo ni nadra kuwa zima. Mti unakua polepole sana, miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kuvunwa, na katika muda huo moyo wake mara nyingi hupasuka au huoza. Anayechonga mtu hulikwepa gogo bovu. Anayechonga mawingu hulitafuta. Sianzi na mchoro. Ninaliweka gogo chini, ninalizungusha, ninatafuta ufa unakoelekea, kisha ninaufuata kwa tezo, baadaye patasi, baadaye tupa. Palipooza pananyofoka penyewe na kuwa tundu. Mkunjo unaouona ni njia ya ufa, na ule ukingo mweupe ni mpaka wa kiini cha mti. Umbo la mawingu liko nusu mikononi mwangu na nusu lilikuwamo ndani ya mti kabla sijazaliwa.

Na niseme ukweli mwingine. Mimi situlii ninapochonga. Mpingo ni mgumu, patasi ikiteleza mkunjo wa wiki mbili unakatika, na vumbi lake linawasha koo. Utulivu anaousema mleta uzi mimi huupata kazi ikishapigwa msasa wa mwisho, na siku nyingine siupati kabisa.

#11 Newala Juu
Nimekubali kusahihishwa kuhusu majina, ahsante fundi. Ukungu wa Shimo la Mungu siuachi.

#12 Mzee wa Vingunguti
Fundi, naomba tutoke nje ya mada kidogo. Nitajuaje kwamba nimeuziwa mpingo wa kweli? Nina kimoja ambacho kinaacha weusi kwenye kitambaa kila nikikipangusa.

#13 Fundi wa Mwenge
Hicho ni mti mwepesi uliopakwa dawa ya viatu, mzee wangu, pole. Mpingo hautoi rangi. Kikwaruze kidogo chini ya kitako: kama ndani ni cheupe au cha kahawia hafifu pande zote, umedanganywa. Njia nyingine ni maji, kwa kuwa mpingo ni mzito kuliko maji na huzama.

#14 Bint Langoni
Mtungi wa Mzee wa Vingunguti hatimaye umepata kazi.

#15 Mkimbizi wa Baridi
Niko Ufaransa kwa mwaka wa sita sasa. Nataka kuwapeleka kidogo Paris, kwa sababu kuna mtu aliyejenga kwa makusudi kile ambacho mleta uzi amekipata kwa urithi. Mchoraji Claude Monet alikuwa na bwawa la mayungiyungi nyumbani kwake Giverny, na tangu mwaka 1909 alizungumzia wazo la chumba kitakachozungukwa na picha za maji, ili mtu aliyechoshwa na kazi apumzishe neva zake humo. Vita vilipokwisha, Novemba 1918, aliiahidi Ufaransa picha hizo. Alifariki Desemba 1926, na vyumba viwili vyenye umbo la yai vikafunguliwa Mei 1927 katika jumba la Orangerie. Ni picha 8, zenye kimo cha karibu mita 2, zinazokuzunguka pande zote.

Nilikwenda mwezi Februari, wakati ambao jua hapa linazama kabla sijatoka kazini na nilikuwa silali vizuri. Ukikaa kwenye benchi la katikati huoni ukingo wa bwawa wala upeo wa macho. Huwezi kusema hapa ni maji, pale ni mbingu iliyoakisiwa. Ukisogea karibu yungiyungi linageuka mafundo ya rangi nyeupe na waridi, mengine yamepakwa juu ya mengine hadi yamekuwa kama ngozi ya mti, na ua lenyewe linatoweka kabisa. Niliingia saa nne asubuhi, nikaja kustuka ni saa saba. Wapo wanaosema ukungu ule ulitokana na mtoto wa jicho aliokuwa nao Monet, ambao alipasuliwa mwaka 1923. Inawezekana. Lakini bwawa alilianza kulichora akiwa bado anaona vizuri, na aliuondoa ukingo wake kwa hiari.

Mimi naunga mkono hoja ya kukosa ukingo. Picha ya Kilimanjaro ina mwanzo na mwisho, kwa hiyo akili inaifunga kama barua iliyokwisha kusomwa.

#16 Rangi za Oysterbay
Kwa nini hakuna aliyetaja Tingatinga? Ni sanaa ya wanyama na ndege, ya kwetu kabisa, na inafurahisha moyo.

#17 Mwalimu wa Uchoraji
Ndugu, Edward Saidi Tingatinga anastahili heshima zote. Alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya mbao za kiwandani, akafariki mwaka 1972, na katika miaka hiyo michache aliacha mtindo ulioenea duniani. Lakini chui wake ni chui, ana macho na anakutazama. Neno ulilolitumia, kufurahisha, ni sahihi, ila mleta uzi anauliza kuhusu kutulia, na hayo ni mambo mawili. Mtoto hufurahi akichezeshwa, na hutulia akibebwa.

Nirudi kwa Mwanahisabati, maana hoja yake ya fraktali imepita bila kupingwa. Mwaka 2006 Katherine Jones-Smith na Harsh Mathur walionyesha katika jarida la Nature kwamba hata michoro rahisi ya nyota iliyochorwa ovyo kwa mkono hupita kipimo kile kile kilichotumiwa kwa Pollock. Kama kipimo kinakubali kila kitu, hakitupi habari ya kitu chochote. Sisemi macho hayapendi maumbo ya mawingu. Ninasema hatuwezi kutoka kwenye tarakimu ya umbo tukafika kwenye moyo wa mtu kwa hatua moja.

#18 Mwanahisabati
Mwalimu, pingamizi hilo linahusu kutambua picha halisi za Pollock na za kughushi, na Taylor alilijibu. Kwamba watu hupendelea fraktali za wastani ni swali jingine, na halikuanguka pamoja na hilo la kwanza. Hata hivyo nakubali kwamba sijakipima kinyago cha mleta uzi, wala simwombi akipeleke maabara.

#19 Mtoto wa Ituri
Jambo kwenu wote, niko Bunia. Nimesoma hoja ya Mama Keza ya malighafi na ile ya Paris ya kukosa ukingo, na nina mfano unaozigusa zote mbili. Wambuti wa msitu wa Ituri wana nguo za gome. Wanaume huponda gome la ndani la mti hadi lilainike kama kitambaa, na wanawake hulichora kwa maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na mkaa. Wanachora mistari myembamba, nukta na vyandarua, vitu ambavyo ukiuliza utaambiwa ni utando wa buibui, njia ya msituni au madoa ya chui, lakini hakuna buibui wala chui anayeonekana. Mistari huanza kwa mpangilio, kisha inakatika ghafla, na sehemu kubwa inaachwa tupu. Halafu mpangilio mwingine unaanza pembeni.

Mjomba wangu alifanya kazi Epulu na alikuwa na kipande kimoja. Nikiwa mdogo nilimwuliza kwa nini mama yule hakumaliza kuchora. Alinipeleka nje usiku akaniambia nisikilize msitu. Vyura waliimba, wakanyamaza wote kwa pamoja, wakaanza tena. Sijui kama aliyechora alikusudia hivyo, lakini tangu siku hiyo nikikitazama kile kipande huwa ninatazama zile sehemu tupu. Mleta uzi, wewe hulitazama lile tundu, au mpingo unaolizunguka?

#20 Kiona_Mbali
Swali la Mtoto wa Ituri limenifanya nikae siku tatu bila kujibu. Naomba mnisamehe kwa kuchelewa, na sasa niseme nilichokipata.

Kwanza, nilikaa mbele ya ndoo ya maji kama nilivyoagizwa kwenye #2, kwa kuwa mtungi sina. Nilitulia, Mzee wa Vingunguti, sitakunyima haki yako. Lakini dakika ya saba nilianza kufikiria bili. Kwa kinyago fikra huondoka pia, kisha hurudi zenyewe kwenye mkunjo.

Pili, juzi umeme ulikatika nikiwa nimekaa pale pale, na sikuwasha mshumaa. Nilikishika gizani. Kilikuwa cha baridi, kizito, na kidole gumba changu kilipita kwenye mkunjo hadi ndani ya tundu, ambako fundi hakupiga msasa. Humo ndani kuna alama za patasi, ndogo ndogo, kama magamba ya samaki. Miaka yote hii sikuwahi kuzijua. Nilitulia gizani kuliko nilivyowahi kutulia kwenye mwanga, na hilo linawapa shida Mwanahisabati na Mkimbizi wa Baridi kwa pamoja, maana hapakuwa na umbo la kuonekana wala ukingo wa kufutika. Linampa nguvu Mama Keza. Lakini nilipokuwa nimekishika nilimfikiria baba, ambaye alikuwa akikipangusa kila Ijumaa kwa kitambaa cha fulana kuukuu, kwa hiyo huenda ni kumbukumbu, kama alivyosema Newala Juu, ila ya mtu badala ya mahali.

Kuhusu tundu, Mtoto wa Ituri: nilikuwa ninautazama mpingo. Tangu uliponiuliza ninalitazama tundu, na siwezi tena kurudi nyuma.

#21 Nesi wa Zamu
Bandiko la kushika gizani limenigusa sana kwa sababu ya kazi yangu. Wagonjwa wetu wengi wazee hawaoni vizuri, na picha za ukutani zinawapita tu. Fundi, je, inawezekana kupata kinyago cha mawingu kisicho na ncha kali, cha kuwekwa mezani kwenye chumba cha kusubiri ili watu wakishike? Na je, kitastahimili kupanguswa kwa dawa ya klorini kila siku?

#22 Fundi wa Mwenge
Inawezekana, dada. Klorini usitumie, itaua mng'ao na kuukausha mti hadi upasuke. Maji ya sabuni kidogo, kitambaa kilichokamuliwa, kisha kikavu papo hapo, na nta kila baada ya miezi miwili. Kisikae dirishani penye jua wala chini ya feni. Ncha nitazilaza zote. Kilo zake zitakuwa nyingi kwa mikono ya wagonjwa, kwa hiyo nitakichonga kitako kipana ili wakishike bila kukiinua. Ninalo gogo moja lililooza moyo, nimelikalisha kivulini tangu mwaka jana kwa sababu sikujua la kulifanyia. Niambie meza yenu ina kimo gani, na kama wengi wanakaa kwenye viti au kwenye mabenchi.

#23 Mama Keza
Naomba ndani ya tundu usipige msasa.